Kutoka Mombasa Hadi Darasa la Gereza Eldoret

Mwaliko ulitoka kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye zamani, ambaye siku hizi anafundisha Eldoret. Yeye na wenzake wachache hujitolea kufundisha masomo ya ngazi ya chuo kwa wafungwa waliokwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Walikuwa wamekosa mtu wa kufundisha stadi za mawasiliano, somo ambalo wanafunzi wa vyuo hapa Kenya hulipitia mwaka wa kwanza. "Njoo likizo hii ukae nasi," akaniambia kwa simu. "Vitabu ni vichache, lakini wanafunzi utawapenda." Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimefundisha vyuoni miaka mingi, lakini bara sikuwa nimewahi kuvuka Nakuru, na ndani ya gereza sikuwa nimewahi kukanyaga. Nikakubali.

Katika begi nilitia nakala yangu ya zamani ya Sauti ya Dhiki. Sisi wa Mombasa kitabu hicho ni chetu. Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa mji wetu alipofungwa mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?". Mashairi yake aliyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, na mwaka 1973, baada ya yeye kuachiwa, yakatoka kitabu. Miaka michache baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya nzima juu ya karatasi kama hizo huko Kamiti. Wote wawili waliingia gerezani wakiwa wamekwisha kusoma. Mimi nilikuwa nakwenda kwa watu wanaotaka kusoma wakiwa humo humo ndani, na wanaomba mwalimu, kitabu na mtihani kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Nilipanda treni ya usiku Miritini, na asubuhi nikawa Nairobi. River Road nikapata matatu ya Eldoret, tukajaa, tukashika njia. Barabara inateremka Bonde la Ufa, inapita Naivasha, Gilgil na Nakuru. Hadi hapo nchi nilikuwa naifahamu. Baada ya Nakuru ardhi inaanza kupanda. Salgaa malori ya kwenda Malaba yamepanga foleni kandokando ya njia; Mau Summit njia inagawanyika, ya kushoto inakwenda Kericho na Kisumu, ya kulia inaendelea Eldoret. Tulivuka Ikweta, na muda si muda tukawa Timboroa, ambako stesheni ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha, ukungu umeshika misonobari, na akina mama wamesimama na ndoo za viazi mvua ikiwanyea. Nikatoa sweta niliyoazima kwa shemeji yangu.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee mmoja anayerudi kwake Burnt Forest. Alinikaribisha mahindi ya kuchoma tuliyoyanunua njiani, akaniuliza naelekea wapi. Nikamweleza. Akatafuna kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, usinielewe vibaya. Mimi nina wasichana wawili nyumbani. Walipita mtihani, na karo ya chuo sina. Sasa wewe unapita karibu na mlango wangu unawapelekea chuo watu waliovunja nyumba za watu?"

Mzee yule hakuwa na chuki. Lilikuwa swali la baba, na linastahili jibu la heshima. Nilimwambia kwamba nimelisikia na nitalibeba. Aliposhuka alinipa mkono, akaniombea safari njema.

Tulipokaribia Eldoret, mashamba ya mahindi yalikuwa yamekauka tayari kuvunwa, pande zote mbili, hadi macho yanapoishia. Eldoret ni jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, lakini bado ni mji wa wakulima na trekta hupita katikati ya magari ya ofisini. Wageni wengi huujua kwa wanariadha wake. Mimi nilichokiona zaidi ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Moi, cha pili kwa umri kati ya vyuo vikuu vya umma nchini, kilianzishwa huku mwaka 1984. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake mwaka 2013. Kuna chuo cha taifa cha ufundi, na kuna hospitali kubwa ya rufaa inayofundisha madaktari. Jioni, Uganda Road imejaa vijana wenye mikoba mgongoni. Nyumbani kwa mwenyeji wangu nilipewa ugali na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani, na tukapanga vipindi hadi usiku.

Asubuhi yake tukaenda gerezani. Langoni tuliacha simu, funguo na pesa, tukaandika majina kwenye daftari kubwa, tukapekuliwa. Ndani ya lango kuu kuna mlango mdogo ambao huna budi kuinama ili uupite. Afande anayesimamia elimu alitupokea kwa adabu, akatukalisha, kisha akaanza kazi yake: kila kitabu nilichobeba alikipekua ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye Sauti ya Dhiki akasimama, akasoma shairi moja hadi mwisho, akageuza akasoma la pili. "Huyu aliyaandika akiwa ndani?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, na baadaye alifundisha Kiswahili vyuo vikuu hadi Ujerumani. Akafunga kitabu, akakiandika kwenye orodha ya vitu vilivyoruhusiwa. "Hiki kikae kwenye maktaba," akasema.

Darasa ni chumba kirefu chenye paa la mabati. Jumapili huwa kanisa. Kuna mabenchi, ubao mweusi, na kabati moja lenye kufuli ambalo ndilo maktaba. Harufu ya maharagwe yanayochemka ilikuwa ikiingia kutoka jikoni. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kukaa, wote wamevaa kunguru, sare ile ya milia myeupe na myeusi, na kila mmoja ameweka daftari mbele yake limenyooka. Walisimama kwa pamoja. "Chamgei, mwalimu!" Nikaitikia nilivyofundishwa usiku uliopita, "Chamgei mising," na darasa zima likacheka kwa furaha, likapiga makofi.

Walijitambulisha mmoja mmoja. Kulikuwa na fundi wa magari, na mtu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwapo kijana aliyekuwa akiendesha bodaboda, na mzee wa makamo aliyekwisha kupigwa mvua ishirini na ambaye rufaa yake bado haijasikizwa. Sikuuliza nani alifanya nini, na hakuna aliyeniambia siku hiyo. Niliwauliza kila mmoja anataka nini kutokana na somo hili. Mwalimu wa zamani alisema anataka kurudi kuwa na sauti. Fundi alisema anataka kufungua gereji na kuandika mikataba isiyomdhulumu mtu. Mzee alisema, "Mimi nataka kujua kilichoandikwa kwenye faili langu, nikisome mwenyewe."

Nikaanza na hoja, ushahidi na hitimisho, kama ninavyoanza kila mwaka. Chuoni kwangu mada hii huniwia ngumu, kwa sababu vijana huiona ni ya mtihani tu. Pale haikuwa ya mtihani tu. Nilipowaomba mfano wa hoja iliyokosa ushahidi, mikono iliinuka mbele, nyuma na pembeni. Na nilipoomba mfano wa maandishi ya kufupishwa, walichagua wenyewe: hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu.

Wasomaji huenda wanaikumbuka. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kusikiliza mazingira ya mtu huyo. Habari ilienea magerezani, na maelfu wakaomba hukumu zao zitazamwe upya. Kisha Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu na makosa mengine, ambao walikuwa wamejenga matumaini juu yake, wakaambiwa kesi zao ni nyingine.

"Sisi tuliisikia hukumu, hatukuisoma," akasema mzee wa makamo. "Mtu alitoka kortini akasema wote tutapunguziwa. Tukaimba usiku kucha. Kama tungekuwa na mtu mmoja wa kuisoma kwa makini, angetuambia: ngojeni, hapa pameandikwa kifungu fulani tu."

Tukaifanyia kazi. Nilikuwa na kurasa chache zilizochapwa. Kila benchi lilipewa ukurasa wake, likatakiwa kuandika kwa sentensi tatu mahakama imesema nini, imesema kwa sababu gani, na haikusema nini. Hilo la tatu ndilo lililowashika. Mabishano yalikuwa ya haki na ya adabu. Kijana wa bodaboda, ambaye hadi wakati huo hakuwa ametamka neno, alisimama akasema benchi la mbele limeongeza jambo ambalo halimo kwenye karatasi, akasoma mstari wenyewe kwa sauti, akakaa. Walitazamana, wakakata sentensi yao. Nimefundisha watu wengi kuandika mukhtasari, na sijaona ukifanywa kwa uangalifu kuliko huo.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa zamani alinionyesha kitabu chake. Kilikuwa daftari nene la mistari, na ndani yake alikuwa amenakili kwa mkono kitabu kizima cha kiada cha somo langu, alichoazimwa na mwenzake aliyehamishwa. Herufi zilikuwa ndogo, za duara, zimekaa sawasawa. Pembeni mwa kila aya alikuwa ameandika nambari ya ukurasa wa kitabu asili kwa kalamu nyekundu. Nikamwuliza nambari ni za nini. "Nikijibu swali la chuo lazima nitaje ukurasa, mwalimu. Kitabu kiliondoka, lakini kurasa nimebaki nazo." Michoro pia alikuwa ameinakili, na jedwali la mwisho alilipiga mistari kwa rula ya karatasi aliyojikunjia.

Tuliendelea hadi ikapigwa hesabu. Wakati wa hesabu kila kitu husimama: wafungwa wanachuchumaa safu safu, askari wanahesabu, na ikiwa idadi haikutimia wanahesabu tena. Kipindi chetu kiligawanyika mara mbili kwa namna hiyo. Alasiri mapema wakafungiwa wodini. Kazi ya nyumbani huifanya huko, na waliniambia kwamba nafasi iliyo chini ya taa ina zamu yake, kila msomaji na muda wake, na zamu hiyo inaheshimiwa na hata wasiosoma.

Siku nyingine tulikwenda upande wa gereza la wanawake. Huko wengine huja darasani na watoto, kwa kuwa sheria inamruhusu mama kukaa na mwanawe hadi afikishe miaka minne. Mama mmoja aliandika insha yake huku mtoto amelala mapajani, na alipotaka kugeuza ukurasa mwenzake aliugeuza kwa niaba yake. Wao waliomba zaidi hesabu za biashara na namna ya kuandika mpango wa biashara. Walinieleza sababu waziwazi: mwajiri ataomba cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na mtu aliyefungwa akikitafuta hukuta hukumu yake imeandikwa hapo. Anayetoka gerezani mara nyingi hana budi kujiajiri.

Elimu ya juu gerezani si ndoto mpya katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha London, kilichoanza kutahini wanafunzi wa mbali tangu 1858, kimewafundisha sheria wafungwa na askari wa Kamiti na wa gereza la wanawake la Lang'ata kupitia shirika la Justice Defenders, lililoanza kwa jina la African Prisons Project. Pete Ouko, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alikuwa Kamiti alipopata stashahada yake ya sheria. Aliachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 2016, na leo anawahubiria vijana waache uhalifu kupitia Crime Si Poa. Uganda, Susan Kigula na wenzake 417 waliipeleka Serikali mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya huko ikaifuta hukumu ya kifo ya lazima. Kigula naye alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa Luzira, na alitoka huru mwaka 2016. Kabla yao wote, wafungwa wa kisiasa wa Robben Island walisoma masomo ya chuo kwa posta.

Lakini mifano hiyo mikubwa iko karibu na miji mikuu, na inategemea mashirika ya wahisani. Katika magereza ya mikoani nilikuta jambo jingine: kila kitu kinashikiliwa na watu wachache wenye moyo. Mwalimu mmoja akiugua, somo linasimama. Afande anayeelewa akihamishwa, ratiba inaanza upya. Na mfungwa mwenyewe akihamishiwa gereza jingine wiki mbili kabla ya mtihani, kazi ya muhula mzima inapotea, kwa sababu alama zake hazimfuati. Hata siku ya kuachiwa, siku ambayo kila mtu anaingojea, kwa mwanafunzi yaweza kuwa siku ya mwisho ya masomo. Chuo kilichomfundisha ndani hakina utaratibu wa kumpokea nje.

Sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya elimu. Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kwa wazi haziwezi kwenda pamoja na kifungo. Kusoma kunaweza kwenda pamoja na kifungo. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Na kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015 zinataka elimu ya wafungwa iunganishwe, kadiri inavyowezekana, na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee bila shida. Kukosekana kwa muungano huo ndilo pengo nililoliona Eldoret.

Sasa nimjibu mzee wa Burnt Forest. Mzee wangu, wasichana wako wana haki ya karo, na nchi inayowaacha nyumbani inawakosea. Lakini karo yao haikuchukuliwa na mtu wa gerezani. Darasa nililoliona linaendeshwa kwa chaki, karatasi zilizochapwa na saa za walimu wanaojitolea. Na wengi wa wanafunzi wale watatoka. Kifungo chao kina mwisho, na watarudi kuishi Burnt Forest, Mtwapa na Kisumu, jirani na wasichana wako na jirani na wangu. Utafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani, uliotolewa mwaka 2013 baada ya kukusanya tafiti za miongo mitatu, ulionyesha kwamba wafungwa waliosoma gerezani uwezekano wao wa kurudi ndani ulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko wa wasiosoma. Nyumba isiyovunjwa tena ni faida yako pia. Na zaidi ya faida, kijana yule wa bodaboda aliyesoma mstari kwa sauti na kuwasahihisha wenzake bila kuwadharau ni Mkenya anayejengeka. Sioni kwa nini tumnyime nafasi ya kujengeka.

Nilipoondoka Eldoret mahindi yalikuwa yameanza kuvunwa. Nimekwisha kupanga kurudi, na safari hii nitakuja na mwenzangu wa uhasibu.

Ombi langu kwa vyuo vikuu ni dogo. Eldoret ina vyuo vikuu viwili vya umma na magereza mlangoni mwao. Kila idara inaweza kutoa somo moja kwa mwaka liwe sehemu ya kazi ya mhadhiri, lihesabiwe na lilipwe kama masomo mengine, lisiachiwe moyo wa mtu mmoja. Kwa Idara ya Magereza naomba mwanafunzi asihamishwe kabla ya mtihani wake, labda pawe na dharura ya usalama, na alama zake zisafiri pamoja na faili lake. Kwa mwalimu mwenzangu unayesoma haya ukiwa Kakamega, Nyeri, Voi au popote penye gereza karibu nawe: mwandikie mkuu wa gereza hilo barua, useme unafundisha nini na una saa ngapi kwa wiki. Na vitabu vya kiada ulivyomaliza kuvitumia, ambavyo vinakaa bure rafuni, vipeleke huko. Kuna mtu anavinakili kwa mkono.